Shahada inayoitazama bahari kutoka ng'ambo

Mohammed Dewji alihitimu Chuo Kikuu cha Georgetown, jijini Washington, mwaka 1998, na shahada yake ilikuwa ya biashara ya kimataifa na fedha. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14. Alianza na biashara ndogondogo, akafungua mgahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na leo kampuni yake ina viwanda vya unga Uganda, Malawi, Rwanda na Msumbiji. Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wawili hawa hugeuzwa mashahidi sebuleni. Binti anayetaka kusoma biashara ya kimataifa humtaja Dewji, anayejulikana kama Mo. Mzazi anayeona ada hiyo ingekuwa mtaji wa duka humtaja Bakhresa.

Mabishano hayo huwa hayaishi, kwa kuwa kila upande una haki yake. Mo alirudi nyumbani akaikuta kampuni ya baba yake iliyoanzia Singida. Shahada ilimpa namna ya kuikuza, mtaji haikumpa. Bakhresa naye alisoma, ila darasa lake lilikuwa sokoni, na masomo yake yalichukua miaka ambayo kijana wa leo hana hakika ya kuipata. Ninachotaka tukijadili wikiendi hii ni jambo jingine, ambalo wazazi hawaliulizi na vyuo havilisemi. Shahada hii inamfundisha kijana wetu kusimama upande gani wa bahari?

Somo lenyewe lina historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1946 Marekani ilikuwa imetoka vitani viwanda vyake vikiwa vizima, huku vya Ulaya na Japani vikiwa magofu. Ilihitaji watu wa kwenda kuuza. Jenerali Barton Kyle Yount, aliyekuwa akisimamia mafunzo ya marubani wakati wa vita, alifungua chuo katika uwanja wa ndege wa zamani karibu na Phoenix, Arizona, ambako marubani hao walikuwa wakifunzwa. Leo chuo hicho kinaitwa Thunderbird. Wanafunzi wake wa mwanzo walisoma mambo matatu kwa uzito unaokaribiana: biashara, lugha za kigeni, na habari za nchi watakazokwenda. Chuo kilijengwa kwa ajili ya Mmarekani anayetoka kwao.

India ilipofungua taasisi yake ya biashara ya nje jijini New Delhi mwaka 1963, nia ilikuwa hiyohiyo, kupata Wahindi watakaopeleka bidhaa za India duniani. China ilikuwa imetangulia. Chuo kikuu chake cha biashara ya kimataifa na uchumi kilichopo Beijing kina chimbuko la mwaka 1951. Na sisi hatukuwa nyuma sana. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, taifa changa likihitaji Watanzania wa kushika biashara iliyokuwa mikononi mwa wachache. Wazo lilikuwepo. Shahada zilipoongezeka vyuoni miaka ya baadaye, vitabu vya kiada vilikuja kutoka nje na mwelekeo wao, nasi tukavipokea hivyohivyo bila kuvigeuza.

Matokeo yake yako wazi kwa yeyote anayefungua vitabu hivyo. Mhusika mkuu ni kampuni ya Marekani, Ulaya au Japani inayotafakari namna ya kuingia katika soko geni. Iuze kutoka kwao? Itoe leseni? Iingie ubia na mwenyeji? Ijenge kiwanda chake? Mwanafunzi wa Mzumbe au Nairobi anafanya mtihani akijiweka katika viatu vya meneja huyo, na nchi yake mwenyewe anakutana nayo katika sura inayohusu hatari za kisiasa. Anahitimu akijua vizuri jinsi mgeni anavyoamua kuja kwake. Jinsi ya kutoka yeye kwenda kwa mgeni, hajui.

Mfano mmoja unaniumiza zaidi ya mingine. Katika somo la utamaduni na biashara, karibu kila chuo hufundisha kazi ya Mholanzi Geert Hofstede, aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1980 baada ya kuchambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi mbalimbali. Kila nchi ilipewa alama: watu wake wanaheshimu wakubwa kiasi gani, wanajali jamaa au nafsi zao kiasi gani, wanaogopa yasiyojulikana kiasi gani. Sweden ina alama zake, Denmark ina zake, Norway ina zake. Sisi je? Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia ziliwekwa katika fungu moja lililoitwa Afrika Mashariki, likapewa alama moja. Mwamhara wa Addis Ababa, Mmakonde wa Newala, Mkikuyu wa Nyeri na Mbemba wa Kasama wakawa mtu mmoja. Na mtu huyo alikuwa mwajiriwa wa ofisi ya kampuni ya kompyuta, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Simlaumu Hofstede kwa kukosa takwimu. Alifanya kazi na alichokuwa nacho. Lawama yangu iko kwa anayelichora jedwali hilo la alama ubaoni Dar es Salaam bila kuwaambia wanafunzi wapime wenyewe kama wanajiona ndani yake. Kijana aliyekulia mpakani Tunduma anajua tofauti ya kupatana bei na Mzambia na kupatana bei na Mkongomani. Hilo ni somo la utamaduni na biashara, na analo tayari. Darasani hakuna anayemuuliza.

Nadharia zenyewe si adui. Ipo moja ya mwaka 1977, ya Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne wa Uppsala, iliyotokana na kuzichunguza kampuni za Sweden. Inasema kampuni hutoka nje hatua kwa hatua, ikianza na jirani inayemwelewa, ikijifunza, ndipo inakwenda mbali. Ichukue hiyo uipime kwa Benki ya CRDB, iliyokwenda Bujumbura mwaka 2012 na Lubumbashi mwaka 2023. Ipime kwa viwanda vya Bakhresa. Ghafla nadharia ya Waswidi inazungumza Kiswahili, na mwanafunzi anaona kuwa njia ya kutoka ipo na kuna waliokwisha kuipita.

Kisha geuza, umpe mwanafunzi kushindwa achambue. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania mwaka 2014 ikiyauza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga shughuli zake Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt ikafuata, na kampuni mama ikaanguka huko Nairobi. Kampuni tatu kubwa, zenye mameneja waliosoma, ziliingia katika soko moja zikatoka. Duka la Mangi mtaani lipo mpaka leo. Kwa nini? Linauza sukari ya robo kilo na mafuta ya kupima, linakopesha kwa daftari, linafunguliwa alfajiri na liko hatua chache kutoka mlangoni. Je, hayo yanatosha kueleza, au tatizo lilikuwa madeni ya wauza bidhaa, kodi za majengo na gharama ya kuvusha mizigo mpakani? Mhula mzima unaweza kuisha hapo, na ungekuwa mhula wenye faida kuliko kukariri historia ya kampuni za soda za Marekani.

Tuje kwenye kazi ya mikono, maana hapo ndipo mwajiri anapompima mhitimu, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Tuseme mfanyabiashara wa Kariakoo amenunua bidhaa Guangzhou kwa dola 10,000. Nauli ya meli ni dola 1,900 na bima ni dola 100. Bidhaa zake ziko katika kundi la ushuru wa asilimia 25. Kichwani mwake anapiga hesabu: ushuru dola 2,500, na VAT ya asilimia 18 dola 1,800. Forodha ya Afrika Mashariki haihesabu hivyo. Kwa mzigo wa meli inajumlisha bei, nauli na bima, yaani thamani inayoitwa CIF, inapata dola 12,000. Asilimia 25 ya hapo ni dola 3,000. Halafu VAT inapigwa juu ya dola 15,000, kwa sababu ushuru wenyewe nao unaingizwa katika hesabu, inakuwa dola 2,700. Jumla ni dola 5,700, kabla ya tozo nyingine na gharama za bandari. Amepungukiwa dola 1,400, na wakati anazitafuta, kontena limekaa na siku zinahesabiwa.

Hesabu hii haihitaji profesa. Wapo mawakala wa forodha wanaoipiga kwa dakika moja wakiwa wamesimama. Lakini mhitimu wa biashara ya kimataifa asiyeiweza, hata akiwa na daraja la kwanza, mwenye mzigo atamwona hana msaada.

Au chukua korosho. Kila bidhaa inayovuka mpaka duniani ina namba yake katika mfumo wa Harmonized System ulioanza kutumika mwaka 1988. Korosho ghafi yenye ganda ni 0801.31. Iliyobanguliwa ni 0801.32. Katika tofauti hiyo ya tarakimu moja zimo ajira za kubangua, ama zibaki Mtwara na Lindi, ama ziende India na Vietnam. Mwanafunzi akielezwa hivyo hataisahau namba hiyo, wala hatauliza tena kwa nini anafundishwa ushuru. Na akiendelea atagundua jambo la kusikitisha: mara nyingi tunauza kwa masharti ya FOB, wajibu wetu ukiishia melini, na kununua kwa CIF, muuzaji akiwa ndiye anayechagua meli na bima. Kwa hiyo katika kwenda na katika kurudi, fedha za usafirishaji na bima zinapangwa na mtu wa upande wa pili. Masharti hayo yameandikwa wazi na Chemba ya Kimataifa ya Biashara tangu mwaka 1936 na toleo la sasa ni la 2020. Hakuna aliyetukataza kuyasoma na kujadiliana.

Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama Namanga. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni. Kelele za kisiasa zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa na msingi. Ila kiwango hicho cha 10 hakikubuniwa mwezi ule. Kilikuwa tayari katika viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki ambavyo nchi zetu zote zilikuwa zimekubaliana. Mkulima wa Rukwa hakukijua, na dalali aliyemnunulia hakukijua. Swali langu ni kama mhitimu wa biashara ya kimataifa wa mwaka ule alikijua. Mtu mmoja katika chama cha ushirika anayejua kiwango, anayejua maabara ya kupima na anayejua karatasi ya kuambatanisha, angewaokolea wenzake malori mengi.

Vilevile kwa akina mama wanaovuka Sirari, Mutukula na Namanga na mizigo midogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000: unajaza cheti chepesi cha uasili hapohapo mpakani na bidhaa inapita bila ushuru wa forodha. Wapo wanaoujua na kuutumia, na wapo wanaopita njia za panya kwa kuogopa ushuru ambao hawadaiwi. Mwanafunzi aliyepelekwa mpakani kwa mafunzo ya vitendo angeweza kuifanya kazi hiyo ya kuelimisha kuanzia wiki ya kwanza. Badala yake wengi hupelekwa ofisi za mjini, wakamaliza fildi yao wakitoa kopi na kupanga mafaili.

Lugha ni sehemu nyingine ambayo tumeipa kisogo, na hapa naomba wakuu wa vyuo wanisikilize. Waanzilishi wa somo hili kule Arizona waliiweka lugha sawa na biashara yenyewe. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mizigo yake ni sehemu kubwa ya kazi za bandari ya Dar es Salaam. Kiswahili kinamfikisha kijana wetu sokoni Lubumbashi, Bukavu na Goma, na kinampa urafiki ambao Mchina na Mwarabu wanautafuta kwa miaka. Lakini mkataba, barua ya benki na sheria ya forodha ya Kongo vimeandikwa kwa Kifaransa. Mhitimu mwenye Kiswahili na Kifaransa mdomoni, na hesabu ile ya CIF kichwani, sijui ni kampuni gani ya mizigo ingemwacha aondoke. Kichina nacho kinafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013, ila mwanafunzi wa biashara akikisoma mara nyingi ni kwa hiari yake, baada ya vipindi. Ningependa lugha moja ya soko iwe lazima, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, na asiyefaulu asipewe shahada.

Wazazi wana swali lao, na ni swali la haki: mwanangu, ukimaliza utakuwa nani? Mwanafunzi wa uhasibu anajibu bila kusita, kwa sababu Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu inamsubiri na mitihani yake. Wa ununuzi na ugavi ana bodi yake pia. Wa biashara ya kimataifa hana bodi. Tangazo la kazi likitoka, mara nyingi linataja uhasibu, ugavi, masoko au uchumi, na yeye anabaki kueleza kuwa amegusa yote hayo. Hii ni hatari ya kweli na sitaifunika. Dawa yake ni kujiongezea ujuzi wenye jina. Chuo cha Kodi hutoa cheti cha forodha na uwakala wa mizigo kinachotambulika Afrika Mashariki nzima, na mwenye shahada akikiongeza hicho anakuwa mtu ambaye mwajiri anajua pa kumweka. Dawati la malipo ya biashara za nje benki, kampuni za mizigo, viwanda vinavyouza nje, mamlaka za kodi na bandari, vyama vya ushirika vya kahawa na korosho, wote hao wana kazi zinazomhusu. Itabidi abishe hodi yeye mwenyewe, akiwa na kitu cha kuonyesha.

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Afrika ulisainiwa Kigali Machi 2018, na biashara chini yake ilifunguliwa Januari 2021. Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini masharti ya kuuza parachichi mbichi China, yanayotaka mashamba na vituo vya kufungashia visajiliwe na kukaguliwa. Makubaliano yote mawili yanafungua mlango kwa karatasi. Anayetakiwa kupita mlangoni ni mtu anayejua kanuni za uasili, joto la kontena la parachichi na jina la mnunuzi. Kwa miaka mingi parachichi za Njombe na Kilimanjaro zimekuwa zikinunuliwa shambani na wafanyabiashara kutoka Kenya, wanaojua njia ya kuelekea Ulaya. Hawakutuibia. Walijua kitu ambacho sisi hatukuwa tumejifunza, na kinaweza kufundishwa.

Kwa hiyo kijana unayejaza maombi mwaka huu, uwe umetoka mchepuo wa ECA, HGE au EGM, usiichague shahada hii kwa sababu ya neno la kimataifa. Nenda chuoni kabla ya kuandika jina lake. Omba kuona orodha ya masomo ya mwaka wa tatu, uangalie kama forodha, usafirishaji na malipo ya kimataifa yamo kwa majina yao. Uliza wanafunzi waliotangulia walifanya fildi wapi, na lugha gani inafundishwa kwa saa ngapi. Wakikujibu vizuri, soma kwa moyo wote; nchi hii ina mazao, ina bandari na ina majirani wengi, na inakosa watu wa kuviunganisha. Wakikujibu kwa mafumbo, soma uhasibu au ugavi, kisha jifunze forodha pembeni.

Nanyi wahadhiri, mmoja wenu akiniuliza pa kuanzia, nitamwambia Tunduma. Wapelekeni wanafunzi huko wiki mbili, wakae na mawakala, madereva na wachuuzi, waandike walichokiona. Maandishi hayo yakusanywe, yahaririwe, yawe kitabu cha kiada cha kwanza cha biashara ya kimataifa kilichoandikwa kutoka upande wetu wa mpaka. Kazi hiyo inaweza kuanza mhula ujao.